Nguzo za Makaburi ya Uzaramo Ziandikwe Kabla ya Tingatinga

Mtu anayenunua kiwanja Kibaha siku hizi anamhoji dalali mpaka dalali achoke. Hati ipo? Kimepimwa? Barabara inapitika masika? Umeme uko mbali? Nani amezikwa hapo, haulizi. Kaburi likitokea wakati wa kuchimba msingi ndipo mwenyekiti wa mtaa anapigiwa simu, wazee wanaitwa haraka haraka, na jambo linamalizwa kwa namna yoyote itakayoruhusu zege limwagwe kesho yake.

Upande wa Kisarawe mambo ni hayo hayo, tofauti ni kasi tu. Dar es Salaam inatanuka kuelekea magharibi kwa njia mbili: barabara ya Morogoro inayopita Kibaha na Mlandizi, na ile ya Pugu inayopanda Kisarawe. Reli ya kisasa nayo imeshakata ardhi hiyo, na ina stesheni Pugu, Soga na Ruvu. Kwala kuna bandari kavu na eneo la viwanda. Hatuna ugomvi na lolote kati ya hayo. Vijana wa Mlandizi na Maneromango wanahitaji ajira, na treni iliyoanza kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024 imewapunguzia watu adha ambayo hakuna anayeitamani tena.

Tunachosema ni kwamba ardhi hii haikuwa pori tupu lililokuwa likimngoja mpima. Ni Uzaramo, na upande wa Kibaha ni Uzaramo na Ukwere pamoja. Watu walizaliwa hapa, wakachezwa unyago hapa, wakazikwa hapa. Na baadhi yao walizikwa kwa heshima ambayo ramani za mipango miji hazina alama yake: juu ya kaburi ilisimamishwa nguzo ya mbao iliyochongwa.

Msomaji aliyekulia Pwani pengine anaijua sura hiyo bila kujua kwamba iliwahi kusimama makaburini. Ni sura ya mwana hiti. Kichwa kidogo, nywele zimechongwa vishungi viwili, shingo, kisha kiwiliwili kilichonyooka kisicho na mikono wala miguu, matiti madogo na kitovu. Kile kidogo cha kushika mkononi alikabidhiwa mwali alipovunja ungo. Alipowekwa ndani alikaa nacho, akakiogesha, akakipaka mafuta, akakitunza nywele, mpaka siku ya kutolewa nje. Wazaramo hawakuwa peke yao katika hilo. Wakwere, Wakutu, Wakami, Wadoe na Waluguru ni jirani na ndugu katika desturi hizi, na wote wana mkono wao katika uchongaji huo.

Umbo hilo halikuishia kwa mwali. Fundi alilichonga kwenye kiti cha mkubwa wa ukoo, kwenye mkongojo wa mganga, kwenye ngoma, kwenye kizibo cha kibuyu cha dawa. Na alilichonga juu ya nguzo ya kaburi. Watu hawa wanahesabu ukoo upande wa mama, na kwao umbo la mwana wa kike mahali alipolala mzee halikuwa pambo. Kaburini ndipo tambiko lilipofanyika mvua ilipokawia au ugonjwa ulipozidi, na nguzo ndiyo iliyomwonyesha mjukuu mahali pa kusimama. Tusiifanye ngumu kuliko ilivyo. Ile nguzo ilikuwa kitambulisho cha mtu na cha ukoo, katika nchi ambayo haikuandika majina juu ya mawe.

Habari hizi si hadithi za juzi. Richard Burton alipita Uzaramo mwaka 1857 akitokea Kaole kwenda bara, na katika kitabu chake cha 1860 alieleza makaburi ya wenyeji yaliyowekewa vinyago vya mbao. Alivyokuwa, hakukosa kuyabeza. Lakini aliyaona, na aliyaandika, jambo ambalo sisi wenye makaburi hatujalifanya kwa utaratibu hadi leo. Miaka ya 1960 Marja-Liisa Swantz kutoka Ufini aliishi na Wazaramo akitafiti unyago, mizimu na tambiko, na kitabu chake cha mwaka 1970 bado ndicho wanachokimbilia wanafunzi wetu. Mwaka 1990 Marc Leo Felix alitoa kitabu kizima kuhusu mwana hiti. Mwaka 1994 yakafanyika maonyesho makubwa ya sanaa ya uchongaji wa Tanzania huko Berlin na Munich, na katalogi yake ikachapwa kwa Kijerumani na Kiswahili. Kwa hiyo Mjerumani wa Munich aliwahi kusoma kwa nafasi yake, tena na sisi tukiwekewa lugha yetu pembeni, habari za vitu ambavyo mtoto wa shule ya msingi Mzenga hajawahi kuonyeshwa.

Sasa linganisha na mawe. Katika mkoa huu huu wa Pwani, kilomita chache kutoka mjini Bagamoyo, kuna magofu ya Kaole: msikiti wa karne ya 13, na makaburi ya nguzo yaliyojengwa kwa matumbawe. Kunduchi, upande wa Dar es Salaam, kuna mengine ya karne ya 18 ambayo nguzo zake zilipachikwa bakuli na sahani za kauri kutoka Uchina. Ufundi wake ni wa kustaajabisha. Matumbawe yakitolewa baharini yangali mabichi huwa laini, fundi anayachonga mistari na mapambo anavyotaka, kisha yanakauka na kuwa magumu. Makaburi ya namna hii yako pwani yote kuanzia Somalia hadi kwetu. Gedi, Kenya, lipo moja lenye tarehe yake ya Hijra, sawa na mwaka 1399 wa Miladi. Hayakuletwa na meli yakiwa tayari. Nguzo juu ya kaburi ni desturi ya pwani hii, na Uislamu wa kwingineko haukuwa na mazoea hayo.

Makaburi ya Kaole yamepata bahati ya kuangaliwa. Neville Chittick, aliyesimamia mambo ya kale Tanganyika kuanzia mwaka 1957, alichimba pale na kuandika. Leo kuna kibao, kuna kiingilio, kuna mtu wa kukuelekeza. Watoto wa shule wanapelekwa kwa basi. Ni sawa kabisa. Lakini kutoka Kaole hadi Mlandizi si safari ya siku nzima, na ukifika huko bara, ghafla wafu hawana historia. Aliyezikwa chini ya tumbawe ni urithi wa taifa. Aliyezikwa chini ya mbao ni kipingamizi cha mradi.

Hatuwezi kuukubali mgawanyo huo, na historia yenyewe inaukataa. Masimulizi ya Wazaramo yanamtaja Pazi Kilama, mwindaji wa tembo aliyeshuka kutoka Ukutu na kuwasaidia Mashomvi wa pwani kuwafukuza Wakamba, kisha akapewa haki ya kupokea kodi ya chumvi na nguo kila mwaka. Mashomvi ndio waliokuwa wakubwa wa vijiji vya pwani kama Kunduchi na Mzizima. Watu wa jiwe na watu wa mbao walipigana bega kwa bega, wakauziana, wakaoana. Burton aliona kaburi la Mzaramo kuwa ni mwigo wa kaburi la pwani. Huenda ndivyo, huenda mwigo ulikuwa wa pande zote mbili. Vyovyote iwavyo, anayelinda upande mmoja na kuuacha mwingine ukafyekwa analinda nusu ya habari.

Tutaambiwa mbao haidumu, kwa hiyo hakuna cha kulinda. Konso, kusini mwa Ethiopia, wana vinyago vya mbao vya makaburi ya mashujaa wao, na mwaka 2011 nchi yao ya matuta iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na desturi hizo. Ethiopia hiyo hiyo ina Tiya, mahali penye mawe 36 yaliyosimamishwa makaburini, mengi yamechongwa alama za panga, nayo yamo katika orodha tangu 1980. Waethiopia hawakuchagua jiwe na kuitupa mbao. Na ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki una uzoefu mrefu wa kusimamisha kitu juu ya wafu. Kando ya Ziwa Turkana, mahali paitwapo Lothagam, wafugaji wa kale waliwazika watu wao katika makaburi ya pamoja yapata miaka 5,000 iliyopita na kusimika nguzo za mawe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kuwa wamelala pale watu wasiopungua 580, wakubwa kwa watoto.

Turudi kwenye sheria, kwa sababu hapa ndipo tatizo linapoanzia.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ina mstari wake wa mwaka 1863. Jengo, kaburi au kitu kilichotengenezwa na mwanadamu kabla ya mwaka huo kinahesabiwa kuwa cha kale. Kilichofuata baada ya hapo kinahitaji tangazo la Waziri. Ipo nafuu moja: milango na miimo ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940 imetajwa moja kwa moja kuwa ni vitu vya kulindwa. Walioandika walikuwa na macho ya Bagamoyo na Kilwa, wakaona milango ikiuzwa na kusafirishwa, wakaizuia. Hatuwalaumu. Ila matokeo yake ni haya: mlango uliochongwa mwaka 1939 kwa ajili ya duka la mfanyabiashara una ulinzi wa sheria, na nguzo iliyosimamishwa mwaka 1900 juu ya kaburi la mzee wa Uzaramo inasubiri Waziri aisikie. Mbao ya nje, ya mvua na mchwa, haitegemewi kuishi tangu kabla ya 1863. Kwa kuweka mwaka ule, sheria iliziacha nje karibu nguzo zote ambazo mtu angeweza kuziona kwa macho yake.

Ipo na sheria ya pili, ambayo wengi wanaisikia siku mradi unapofika kijijini. Ni Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Inaruhusu makaburi yahamishwe ardhi inapotakiwa kwa manufaa ya umma, inadai tangazo litolewe, na inaeleza fidia: gharama za kufukua, kusafirisha na kuzika upya. Kisha, kwa namna ambayo inawashangaza wanaodhani sheria zetu hazina masikio, inataja pia gharama za matambiko ya kuwatuliza waliohamishwa. Bunge la mwaka 1969 lilijua kwamba mzee hahamishwi kimya kimya. Lilikubali kulipia tambiko.

Lakini sheria hiyo inazungumza juu ya kaburi na mwili, haitoi mwongozo juu ya kilichosimama juu yake. Mthamini anafika na fomu, anahesabu minazi, mikorosho, miembe, msingi wa nyumba, makaburi. Kaburi ni moja, liwe na nguzo ya kuchongwa, liwe na tuta la udongo tu. Familia inalipwa, mabaki yanafukuliwa, yanapelekwa makaburi mapya. Ile nguzo? Atakayeichukua ni atakayeiona kwanza. Akiwa mpwa mwenye busara ataibeba nyumbani. Akiwa kibarua ataitia kwenye moto wa chai. Akiwa mtu anayejua bei ya vitu vya kale, nguzo haitaonekana tena Pwani.

Bei hiyo ipo, na jirani zetu wameilipia. Wamijikenda wa pwani ya Kenya huwasimamishia wazee wa chama cha Gohu vinyago vya mbao viitwavyo vigango. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 vilianza kung'olewa usiku na kuuzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa, na mamia yakaishia katika makumbusho na majumba ya watu Marekani. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Haukupita muda vikaibwa. Miaka mingi baadaye, mwaka 1999, mwenzake Linda Giles alipoonyesha picha za vigango vilivyokuwa katika makumbusho ya jimbo la Illinois, Udvardy alikitambua kimojawapo. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Kufikia mwaka 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudi Kenya. Baadaye makumbusho mengine yalifuata. Ya Denver yalikabidhi vigango 30 mwaka 2019.

Tunaomba madiwani wetu waisome habari hiyo mara mbili. Kilichorudisha vigango vile ni picha moja, yenye mahali, mwaka na familia. Visivyokuwa na picha, hata makumbusho yanapokubali kurudisha, hayajui yarudishe kwa nani. Kenya ina vigango vilivyorudi vikakosa mwenyewe. Sasa mtu akituuliza sensa ya makaburi ina faida gani, jibu ni hilo, wala hatuhitaji kutafuta lingine.

Kuna pingamizi jingine ambalo magazeti hulikwepa, nasi hatutalikwepa. Wazaramo wengi leo ni Waislamu, na wapo Wakristo tangu wamisionari wa Kijerumani walipofungua vituo Kisarawe na Maneromango miaka ya 1890. Shehe atakwambia kinyago juu ya kaburi si katika dini. Mchungaji atakwambia ni mambo ya giza. Wapo watakaong'oa nguzo kwa nia njema kabisa, wakiamini wanawasaidia marehemu. Hatuna fatwa ya kutoa hapa. Tunachoomba ni tofauti na ibada: hatumwambii mtu akatambike, tunaomba asiharibu. Waislamu wa Kunduchi wamezikwa kando ya nguzo zenye sahani za Kichina kwa vizazi na vizazi, na hakuna aliyesema imani yao imepungua. Kuhifadhi alama ya babu si kumwabudu babu.

Na wapo wanaofikiri tofauti, tena ni wazee wenyewe: kwamba nguzo ilisimamishwa ili isimame hadi ioze, na ikioza kazi yake imekwisha. Hoja hiyo tunaiheshimu kuliko zote. Ukoo ukisema iachwe ioze mahali pake, basi ioze mahali pake, wala asitokee afisa na gari la serikali kuing'oa kwa kisingizio cha kuihifadhi. Ila kuoza kwa mvua ni jambo moja, na kusagwa na greda ni jingine. Hata inayoachwa ioze inaweza kupigwa picha.

Kazi yenyewe si ya mabilioni. Kila kijiji kina mtendaji, kila kitongoji kina mwenyekiti, na kila ukoo una mtu, mara nyingi mwanamke mzee, anayejua nani amelala wapi. Halmashauri ya Kisarawe na zile za Kibaha, mjini na vijijini, zina maafisa utamaduni ambao kazi yao kubwa siku hizi ni kusimamia ngoma za kupokea wageni. Wapewe daftari, kamera na pikipiki, waende Soga, Magindu, Kwala, Marumbo, Masaki, Vikumburu, waandike: kaburi la ukoo gani, mkubwa gani, lina nguzo au jiwe, mbao ya mti gani, nani anajua habari zake, nani mwenye mamlaka ya kuitolea neno. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina walimu na wanafunzi wa akiolojia wanaotafuta mahali pa kufanyia mazoezi. Kisarawe si ngeni kwao. Felix Chami alianza jina lake kwa kuchimba Limbo, katika Kisarawe ya wakati ule ambayo bado ilikuwa na Mkuranga ndani yake, akaonyesha kwamba watu walikuwa wakiyeyusha chuma hapo katika karne za mwanzo za Miladi. Utafiti wake huo ni wa mwaka 1988. Nani amefuata nyayo hizo kwenye makaburi?

Daftari hilo lisitundikwe hadharani. Hapa tunapingana na wenzetu wanaotaka kila kitu kiwe kivutio cha utalii. Ramani ya makaburi yenye nguzo za kuchongwa, ikiwekwa wazi, itakuwa mwongozo wa wezi, na waliong'oa vigango hawakuhitaji hata ramani. Nakala moja ikae kwa mkurugenzi, nyingine Makumbusho ya Taifa, nyingine kwa ukoo. Mpima na mthamini waruhusiwe kuiona kabla ya kuweka bikoni ya kwanza. Anayetaka kuandika kitabu aende akaombe kwa wenyewe, akae mkekani, aulize.

Kuhusu miradi mikubwa, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kabla ya kazi kuanza. Tathmini hizo zina kurasa nyingi juu ya vumbi, kelele na maji taka. Sehemu ya urithi wa utamaduni nayo iandikwe na mtu aliyefika na kuuliza, si na mtu aliyebadilisha jina la kijiji katika ripoti ya mradi uliopita. Na fomu ya mthamini iongezwe mstari mmoja tu: kuna nini juu ya kaburi? Mstari huo hauhitaji Bunge. Sheria ndogo inayokataza kung'oa, kuuza au kusafirisha nguzo ya kaburi bila idhini ya ukoo na halmashauri nayo haihitaji Bunge; halmashauri za wilaya zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo tangu mwaka 1982, na zinazitumia kwa ushuru wa mkaa bila kusukumwa.

Serikali Kuu ina sehemu yake. Waziri wa Maliasili na Utalii ana mamlaka ya kutangaza, na hakuna kinachomzuia kutangaza nguzo zote za makaburi zilizochongwa kabla ya mwaka 1940 kuwa vitu vya kulindwa, sawa na milango. Ni tangazo la ukurasa mmoja. Kufuta au kusogeza ule mwaka 1863 ni kazi ya Bunge, na ifanywe, lakini tusikae tukisubiri.

Wapo wasomaji watakaosema tuanze na Berlin. Ni kweli zipo nguzo na vinyago vya Uzaramo katika makumbusho ya Ujerumani, vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni, na ni kweli mlango wa mazungumzo umefunguka. Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea Novemba 2023 akaomba radhi kwa yaliyotendwa katika Vita vya Majimaji, na mwaka 2024 makumbusho ya Berlin na Makumbusho yetu ya Taifa yaliandaa pamoja maonyesho juu ya historia ya Tanzania katika jumba la Humboldt Forum. Tunaunga mkono kudai. Lakini tutadai kwa uso gani nguzo iliyoondoka Uzaramo mwaka 1900 ikiwa iliyobaki tunaipitishia greda mwaka huu? Mjerumani atauliza swali dogo tu: mkirudishiwa, mtaiweka wapi, na kaburi lake mnalijua? Kwa sasa jibu letu ni aibu.

Tunajua pia kuna watu wanaosoma haya wakiwa na kaburi la namna hiyo shambani kwao, chini ya mikorosho, na hawalisemi kwa hofu kwamba serikali italitwaa shamba. Hofu hiyo ina sababu, na halmashauri iiondoe kwa maandishi: kuandikisha kaburi la ukoo hakumwondoi mtu kwenye ardhi yake, wala hakumwongezei ushuru. Mpaka maandishi hayo yatoke, wenye makaburi waanze wenyewe. Simu ipo mkononi. Piga picha ya nguzo pande zote, piga picha ya mahali ilipo, mrekodi bibi akitaja majina, hifadhi kwa watu wawili wa ukoo wanaoishi sehemu tofauti.

Na kwa madiwani wa Kibaha na Kisarawe: mpango ujao wa upimaji wa viwanja utakapowekwa mezani, fungueni kabrasha mtafute sehemu inayoeleza makaburi ya kale yaliyomo katika eneo hilo na nini kitafanywa juu yake. Kama sehemu hiyo haimo, msinyooshe mkono.